Rangi ya Ekzosi na Injini: Namna ya Kuipaka Mwenyewe Uani, Ubaruku

Mwezi wa Desemba, pawatila zinapoingia kwenye majaruba ya Ubaruku, tazama mabomba yake ya moshi. Mengi yameliwa na kutu hadi yakafanana na udongo, mengine yametoboka na kuzungushiwa kipande cha bati kilichofungwa kwa waya. Si ajabu. Bomba la mashine inayolima mpunga hupata moto wa mamia ya nyuzi, na papo hapo hurushiwa tope na maji baridi ya mfereji. Jioni mashine inaoshwa, usiku inalala nje, alfajiri inawashwa tena. Chuma kinachopitia hayo kila siku hakidumu bila kinga. Fuso zinazobeba mpunga kuelekea barabara kuu pale Igawa zina shida hiyohiyo, ingawa zenyewe zinasumbuliwa zaidi na vumbi, na bodaboda nazo hazikusalimika.

Kinga ipo, na unaweza kuipaka mwenyewe uani kwako: rangi iliyotengenezwa kuhimili joto. Inauzwa kwenye makopo ya kupuliza, mara nyingi nyeusi, ya fedha au nyeupe. Wapo watakaokuambia rangi hizo hazina maana, kwamba zilipakwa wiki hii na wiki iliyofuata zikabanduka. Mimi nasema rangi ni nzuri, ila inadai mambo mawili ambayo wengi hawaipi. Inadai chuma kisafi kabisa kabla ya kupakwa, na inadai kuivishwa kwa moto, hatua kwa hatua, baada ya kupakwa. Kupuliza kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Hayo mawili ndiyo yanayokula siku nzima.

Kila sehemu na joto lake

Kabla hujanunua kopo, jua unachotaka kupaka kinapata joto kiasi gani. Injini nyingi za pawatila tulizo nazo, zikiwemo zile zilizoletwa baada ya mpango wa Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, ni za dizeli zenye silinda moja. Aina ya kawaida hupozwa na maji yaliyo kwenye tangi juu ya injini, ambayo huachwa yachemke na kuongezwa. Ubaruku iko kwenye uwanda wa Usangu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka karibu nyuzi 96 au 97 za Selsiasi badala ya 100. Maana yake ni kwamba maadamu tangi lina maji, mwili wa injini hiyo haupandi juu sana ya hapo. Kwenye gari lenye rejeta, maji hukaa karibu nyuzi 90, na tapeti kava na sampo hucheza jirani na joto hilo.

Bomba la moshi ni habari nyingine. Moshi wa dizeli inayovuta mzigo unaweza kufika nyuzi 500 au 600 unapotoka kwenye silinda, na wa petroli hupita hapo. Ukiona manifodi inang'aa wekundu gizani, chuma hicho kimeshavuka nyuzi 500.

Kwa hiyo rangi ni mbili. Ya kwanza ni rangi ya injini, ambayo kwa kawaida huvumilia hadi nyuzi 260 hivi. Hiyo inatosha kwa mwili wa injini, tapeti kava, sampo na tangi la maji. Ya pili ni ya ekzosi, inayovumilia nyuzi 600 na kuendelea, kwa manifodi, bomba la moshi na sailensa. Ukiipaka ya kwanza kwenye manifodi itaungua. Ukiipaka ya pili kwenye sampo hutapata hasara kubwa, ila mara nyingi joto la sampo halitoshi kuivisha rangi hiyo, nayo itabaki laini na kuchubuka kwa oili.

Hapa kuna mtego unaowaponza wengi dukani. Makopo mengi yanayotoka Marekani huandikwa joto kwa Farenhaiti. Kopo lililoandikwa 600 kwa kipimo hicho linavumilia nyuzi 316 tu za Selsiasi, na 1200 ni nyuzi 649. Tafuta herufi F au C kando ya namba. Angalia pia kama namba hiyo ni ya joto la kudumu au la kupanda kwa muda mfupi, maana baadhi ya makopo huandika zote mbili, na kubwa ndiyo inayowekwa mbele. Kama maduka ya Ubaruku na Rujewa hayana unachotaka, mtu anayekwenda Mbeya mjini akuulizie kwenye maduka ya spea na ya rangi za magari, na umwandikie namba hizo kwenye karatasi.

Usidanganyike na rangi ya fedha ya kupakia mapaa. Unga wa alumini uliomo unahimili joto vizuri, lakini gundi inayoushika ni ya mafuta, nayo huungua mapema. Rangi ya ekzosi hutumia gundi ya silikoni. Inapopashwa, sehemu yake inayoweza kuungua huondoka polepole na kuacha mshikamano wa silika, kitu kilekile kilicho ndani ya mchanga na kioo, uliong'ang'ania chuma. Ndiyo sababu rangi hii haikamiliki kwa kukaushwa na hewa peke yake. Bila moto bado ni mbichi, hata kama ukiigusa haikushiki kidole.

Isichoweza kufanya

Rangi haizibi tundu. Haiungi manifodi iliyopasuka, na wala haipunguzi joto la injini inayochemsha kwa sababu rejeta imeziba au maji yamekwisha. Haizuii pia kutu ya ndani. Kila lita ya petroli au dizeli inayoungua hutengeneza karibu lita moja ya maji, yanayotoka kama mvuke ndani ya moshi. Injini inayowashwa dakika tano na kuzimwa huacha maji hayo ndani ya sailensa, nayo huoza kuanzia tumboni kuja nje. Gonga sailensa kwa bisibisi kabla ya kuanza. Ikilia kwa sauti nzito iliyokufa, au bisibisi ikizama, usiipotezee rangi. Nunua nyingine au mpelekee fundi wa kuchomelea.

Jambo jingine: mashine ya kukoboa au injini yoyote inayofanya kazi kwenye vumbi la pumba itaendelea kuwa hatari ya moto hata ukiipaka rangi bora duniani. Pumba zilizotua juu ya manifodi ya moto huwaka. Ziondoe kila siku.

Kufungua na kusafisha

Kama unaweza kuifungua sehemu, ifungue. Rangi iliyopulizwa ikiwa bado kwenye injini haifiki nyuma, na kutu huanzia nyuma. Boliti za ekzosi zilizokaa miaka zina tabia ya kukatika. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, ziache zilale nayo, asubuhi jaribu kukaza kidogo ndipo ulegeze. Ikigoma kabisa, mwite fundi, kwa sababu boliti iliyokatikia ndani ya silinda hedi itakugharimu kuliko rangi na ekzosi kwa pamoja. Andaa gasketi mpya. Ya zamani ikishafunguliwa, ni nadra kuziba tena. Kama mashine ni ya zamani sana na gasketi au kamba iliyozungushiwa bomba ni ya kijivu yenye nyuzinyuzi, chukulia kuwa ina asbesto: iloweshe maji, itoe nzima, na usiisugue kwa brashi ikiwa kavu.

Sasa kusafisha. Anza na tope na grisi, wala usianze na kutu. Ukianza na kutu, brashi itayasukuma mafuta ndani ya vinyweleo vya chuma cha kusubu na hutayatoa tena. Kwangua tope lililoganda, kisha sugua grisi kwa brashi na mafuta ya taa, nje, mbali na jiko na sigara. Petroli usiiguse kwa kazi hii. Mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi kali, na cheche moja ya grenda inatosha kuunguza uani mzima. Mafuta ya taa nayo yanaacha utelezi, kwa hiyo osha tena kwa maji ya moto na sabuni ya unga hadi maji yakitandazwa juu ya chuma yabaki yametandaa. Yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo.

Kuna wanaotumia kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Kwa chuma cha kawaida inaondoa grisi kweli, lakini kwa alumini ni sumu: huila alumini yenyewe na kutoa gesi inayolipuka. Tapeti kava nyingi na injini za pikipiki ni alumini. Iache kabisa. Dawa ya kupuliza ya kusafishia breki nayo soma kopo lake. Zile zenye klorini zikipata moto mkali hutoa hewa yenye sumu mbaya, na wewe hapa unaandaa kitu kitakachopashwa moto.

Baada ya grisi ndipo kutu. Kikombe cha waya kwenye grenda kinafanya kazi haraka kwenye manifodi. Kwenye kona tumia brashi ya mkono na msasa. Vaa miwani, maana nyuzi za waya huchomoka na kuruka. Malizia kwa msasa namba 80 kisha 180 au karibu na hapo. Chuma kiwe na mikwaruzo midogo ya kushikia rangi, kisiwe laini kama kioo. Bomba la pikipiki lililopakwa kromu lazima likwaruzwe kote hadi mng'ao ufe, la sivyo rangi itatoka vipande vizima. Alumini isugue kwa msasa laini, usiikate kwa waya mkali. Na tafadhali, usipige mchanga wa mto kwa kompresa. Vumbi lake huingia mapafuni na kuyaharibu bila tiba.

Chuma kilichosafishwa hivi kiko uchi, na kwenye unyevu huanza kushika kutu nyembamba baada ya saa chache. Kwa hiyo usisafishe leo ili upake kesho. Futa vumbi, pitisha kitambaa cheupe chenye thina, geuza upande msafi na upitishe tena, hadi kitambaa kitoke cheupe. Kuanzia hapo usishike chuma kwa mkono mtupu. Alama ya kidole kimoja chenye jasho itaonekana baadaye kama lengelenge.

Usipake praima ya kawaida chini ya rangi ya ekzosi. Itaungua na kuinua kila kilicho juu yake. Kama mtengenezaji anauza praima yake ya joto, itumie hiyo. Kama hana, paka moja kwa moja juu ya chuma kitupu. Hivyohivyo kwa puti ya kuzibia mashimo ya bodi: haina nafasi hapa.

Vya kuziba na kuacha

Ziba kwa selotepu ya karatasi nyuso zote zinazokutana na gasketi, nyuzi za boliti, matundu ya plagi na ya sensa, mifereji ya puli ambamo fenibelti hupita, mpira na plastiki zote. Sehemu ambayo waya wa ethi unafungwa iache bila rangi, kwa sababu rangi huzuia umeme na gari litaanza kusumbua kuwaka. Rejeta usiipake rangi nene. Mapezi ya injini ya pikipiki yanaweza kupakwa, lakini kwa tabaka jembamba tu: rangi nyembamba nyeusi isiyong'aa hutoa joto kwa mnururisho vizuri kuliko alumini iliyong'arishwa, ila ikiwa nene hugeuka blanketi.

Namba ya injini iliyogongwa kwenye chuma ndiyo iliyo kwenye kadi ya usajili. Ibandikie selotepu na usiipitishie grenda kwa namna yoyote. Askari au mnunuzi akikuta namba imekwanguliwa, maelezo kwamba ulikuwa unaondoa kutu hayatakufikisha mbali.

Kupuliza

Chagua siku kavu isiyo na upepo. Usangu wakati wa kiangazi upepo huinuka kadiri jua linavyopanda na kuleta vumbi, ilhali asubuhi za Juni na Julai chuma huwa na umande usioonekana. Saa tatu hadi saa nne asubuhi ni wakati mzuri, chuma kikishapata jua kidogo na kuwa vuguvugu. Kisiwe cha moto kiasi cha kushindwa kukishika. Ning'iniza kitu kwa waya ili uweze kukizunguka. Kopo litikise dakika mbili nzima baada ya kusikia gololi yake ikigonga, kwa sababu unga wa rangi hii ni mzito na hukaa chini. Usipotikisa utapuliza gundi tupu mwanzoni na tope mwishoni.

Shika kopo sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye chuma. Anza kupuliza kabla ya ukingo na uache baada ya kuupita, mkono ukitembea bila kusimama. Tabaka la kwanza liwe la kunyunyizia tu, chuma bado kionekane. Subiri dakika 10. La pili lifunike zaidi, subiri tena, la tatu limalize. Hamu ya kufunika mara moja ndiyo inayoharibu kazi nyingi: rangi nene hufunga uso wake kwanza, kimiminika kilichobaki chini kinapopashwa kinageuka mvuke na kuinua malengelenge. Soma pia kopo linasemaje kuhusu kurudia. Makopo mengi ya rangi ya injini hutaka tabaka zote zipakwe ndani ya saa moja, la sivyo usubiri siku 7, vinginevyo rangi ya juu hukunja ile ya chini.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi. Tafuta ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, au angalau simama upande upepo unakotoka na usipulize ndani ya chumba. Watoto wawe mbali. Ukimaliza, geuza kopo chini juu na upulize hadi itoke hewa tupu, ili mdomo usizibe. Kopo lisiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa. Makopo haya hayatakiwi kupita nyuzi 50, na gari lililoegeshwa juani linaweza kufika huko.

Kuivisha

Acha sehemu ikauke usiku kucha. Kisha moto.

Rangi ya injini haina masharti makubwa. Nyuzi 93 kwa dakika 20 kwa kawaida humtosha mtengenezaji, na hilo injini yenyewe italifanya ikiwaka. Rangi ya ekzosi ndiyo yenye utaratibu. Ratiba inayopatikana kwenye makopo mengi ni nyuzi 120 kwa dakika 30 na kupoa kabisa, nyuzi 200 kwa dakika 30 na kupoa, kisha nyuzi 315 kwa dakika 30. Kopo lako likisema tofauti, lifuate lenyewe.

Njia rahisi ni kuirudisha sehemu kwenye injini. Washa bila mzigo dakika 10, zima, iache ipoe hadi uweze kuishika. Washa tena dakika 20 au 30 bila mzigo, zima, ipoe. Mara ya tatu iwashe na uipe mzigo mdogo, mathalani kuizungusha barabarani bila tela. Itatoa moshi na harufu kali. Ni gundi inayoondoka, kwa hiyo fanya nje na usisimame karibu. Kati ya hatua hizo usiimwagie maji wala usiigusishe kitambaa. Mwenye haraka huwasha, akaingia jarubani siku hiyohiyo, tope likapiga rangi mbichi iliyo moto. Kesho yake analaumu duka.

Vitu vidogo unaweza kuviivisha kwenye pipa. Chukua pipa la chuma ambalo halijawahi kubeba mafuta wala viuatilifu. Pipa lililobeba petroli linaweza kulipuka likipashwa hata kama linaonekana kavu. Liweke juu ya mkaa uliokolea, ning'iniza kitu katikati kwa waya kisiguse kuta, funika kwa bati, na uweke kipimajoto cha oveni mahali unapoweza kukisoma. Ongeza au punguza mkaa kwa kufuata kipimajoto. Pumba za mpunga tunazo kwa malundo na zingeokoa gharama, lakini hazifai: hufuka kwa joto usiloweza kulitawala, na majivu yake mepesi hurukia rangi. Oveni ya kuokea mkate usiitumie hata mara moja, kwani mvuke wa rangi hubaki kwenye kuta zake na kuingia kwenye chakula.

Kujua kama imeiva, chukua kitambaa chenye tone la dizeli na usugue mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi, rudia hatua ya mwisho ya moto. Kikitoka safi, funga kila kitu, kaza boliti, na baada ya siku chache za kazi uzikaze tena, kwa maana gasketi mpya hulala kidogo ikishapata joto.

Mikwaruzo itatokea. Isugue kwa msasa, ifute kwa thina, ipulizie tabaka mbili nyembamba na uendelee. Joto la kazi litaiivisha yenyewe, alimradi uianze kwa mzigo mdogo.

Ifanye kazi hii Septemba au Oktoba, mvua hazijaanza na mashine haina haraka ya kwenda popote. Maji yakishafunguliwa kwenye mifereji, hakuna mkulima atakayekubali pawatila ikae siku mbili bila kulima. Na kama una kopo moja tu na mashine tatu, paka ekzosi ya ile inayolala nje.